Barua ya wazi kwa Manispaa ya Temeke: anayesubiri na anayehudumu

Kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Temeke, Mganga Mkuu wa Manispaa, waheshimiwa madiwani, na wajumbe wa Kamati za Usimamizi wa zahanati na vituo vya afya.



Si zamani sana, mtu akisema amepata kiwanja Chamazi ndugu zake walimuuliza anakwenda kulima nini. Leo daladala za Rangi Tatu kwenda Mbande zinajaa hadi usiku, Uwanja wa Azam Complex unapokea mechi za mashindano ya Afrika, na mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliitenga Chamazi na Mbagala ikawa jimbo linalojitegemea. Wengi waliojenga huku walisukumwa na mji wenyewe. Waliobomolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, kwa mfano, walichanga kupitia vikundi vyao vya akiba, wakasaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives, wakanunua eka 30 hapa na kuanza kujijengea nyumba. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa maana ya kusimamia jambo lao.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Temeke nzima. Wengi wao wakiugua hawaanzii Muhimbili, wala Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Wanaanzia duka la dawa, kisha zahanati. Hali ikizidi ndipo kituo cha afya au hospitali ya Mbagala Rangi Tatu. Barua hii inahusu ngazi hiyo ya chini, na inaomba jambo moja: maoni ya mgonjwa na hali ya mtumishi anayemhudumia vichukuliwe pamoja, visomwe kwenye kikao kimoja na vitengewe fedha katika mpango mmoja. Kwa sasa vinakwenda njia mbili tofauti. Malalamiko ya mgonjwa yanaishia kwenye sanduku la maoni au kwenye simu ya mheshimiwa. Uchovu wa muuguzi anaondoka nao mwenyewe kwenda nyumbani.

Siku ya kliniki ya watoto, katika zahanati nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam, akina mama hufika kabla jua halijachomoza ili wapate namba za mwanzo. Kadi ya kliniki iko kwenye pochi, imefungwa kwa kitambaa isilowe jasho. Zamu ikifika, mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa kaptura ya mizani na kutundikwa. Analia, anarusha miguu, mshale unacheza, na muuguzi anasubiri utulie ndipo asome. Anaandika kwenye kadi. Anaandika tena kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha taarifa za huduma za kituo. Akishachanja anaandika mara ya tatu, kwenye karatasi ya kujumlishia. Mama wa nne kwenye foleni hayaoni maandishi hayo. Anachoona ni sista aliyeinamisha kichwa, ambaye hajaitikia salamu yake. Mama huyu ameamka usiku wa manane, mtoto mwingine amemwacha kwa jirani, na meza yake ya vitafunwa leo haikufunguliwa. Akijibiwa kwa mkato, "Si nimesema kaa pale?", ataondoka na neno hilo hadi nyumbani, na jioni litakuwa limefika nyumba tatu za mtaa wake.

Malalamiko ya wagonjwa wa huku yanajulikana. Yasikilizwe saluni, yasikilizwe ndani ya bajaji, ni yale yale: tumekaa mno, dawa tumeandikiwa tukanunue nje, mhudumu ana lugha mbaya. Sifa nazo zipo, na zinasambaa kwa kasi ile ile. Yupo tabibu anayesikiliza hadi mwisho ndipo ashike kalamu. Yupo muuguzi wa leba asiyemwacha mzazi peke yake. Watu hukariri zamu za watumishi hao na kupanga siku ya kwenda kwa kufuata zamu.

Mgonjwa anajua kupima. Utafiti wa Kenneth Leonard na wenzake uliofanywa Iringa vijijini na kuchapishwa 2002 ulionyesha kwamba wagonjwa walikuwa wakikipita kituo cha jirani na kwenda mbali zaidi, na kwamba kule walikokwenda ndiko kulikokuwa na uchunguzi wa makini zaidi na dawa zinazofuata utaratibu. Hawakuwa na shahada ya utabibu, lakini miguu yao ilichagua sawasawa. Huku Chamazi miguu inachagua vilevile: mwenye nauli anapanda gari hadi Rangi Tatu au Temeke, asiye nayo anabaki. Ndiyo maana foleni ya hospitali kubwa haiwezi kupungua kwa kujenga jengo jingine hospitalini. Inapungua zahanati inapoaminika.

Sasa tugeukie upande wa pili wa meza.

Ikama iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2014 inataka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya wasiopungua 39. Anayetibiwa kwenye zahanati zetu anaweza kuhesabu mwenyewe sura anazoziona kwa juma zima. Nchi imepitia misukosuko kwenye eneo hili. Aprili 2017 orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi ilikabidhiwa kwa Rais, na wa sekta ya afya walikuwamo. Waliondoka kwa sababu iliyoeleweka, lakini wagonjwa wao hawakuondoka nao. Waliobaki walibeba zamu zao. Ajira mpya zimetoka tangu hapo na zimesaidia. Hata hivyo kata kama Chamazi inapokea wakazi wapya kila mwezi, na barua ya ajira huchukua muda mrefu kuliko lori la kuhamisha vyombo.

Usiku ndiko kunakouma. Muuguzi yuko peke yake na wazazi wawili wenye uchungu. Mlango unagongwa, baba amembeba mtoto anayeweweseka kwa homa, degedege limeshaanza. Muuguzi anaacha mmoja, anakimbilia mwingine, anarudi. Mzazi mmoja anaonyesha dalili za hatari, anapaswa kupelekwa mbele, hivyo anapiga 115 kuomba usafiri wa dharura wa wazazi, m-mama, huku mkono mwingine umeshika dripu. Saa moja asubuhi anatakiwa kukabidhi zamu, lakini mwenzake amekwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, kwa hiyo ana saa nyingine mbili mbele yake. Hajala tangu jioni, kwa kuwa hakuna pa kuchemshia hata chai. Choo ni kile kile cha wagonjwa. Mtu wa kwanza kumsalimia asubuhi hiyo anasalimia mwili uliosimama kwa mazoea.

Hayo hayahalalishi kumtukana mgonjwa. Mama anayetukanwa akiwa uchi kitandani hana kosa lolote kuhusu ikama, na kumweleza habari za upungufu wa watumishi ni kumwongezea tusi. Lakini anayetaka matusi yaishe hana budi kujua yanatoka wapi, na sehemu kubwa yanatoka kwenye saa ya kumi na nne ya zamu.

Mikono hiyo hiyo imefanya kazi ambayo nchi inajivunia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Viongozi husoma tarakimu hizo majukwaani, na wana haki ya kuzisoma. Sehemu kubwa ya mama waliojifungua salama walipokelewa na wauguzi wakunga na matabibu wa ngazi ya chini ambao majina yao hayasomwi popote.

Je, watumishi wenyewe wanasemaje? Utafiti wa Melkizedeck Leshabari na wenzake katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, uliochapishwa 2008, ulikuta karibu nusu ya madaktari na wauguzi hawaridhiki na kazi yao. Hiyo ni Muhimbili, yenye mabingwa, vifaa na mtu wa kumuuliza ukikwama. Kwenye zahanati ya Mbande au Saku anayekwama usiku anajiuliza mwenyewe na kujijibu.

Kuhusu namna maoni ya wagonjwa yanavyokusanywa, jiji letu lenyewe limeshatoa somo, na inasikitisha kwamba halinukuliwi mara kwa mara kwenye vikao. Watafiti waliwahoji wanawake waliojifungua katika hospitali moja kubwa ya rufaa ya Dar es Salaam, matokeo yakachapishwa 2016. Walipoulizwa wakiwa bado hospitalini, takriban 15 kwa kila 100 walisema walidharauliwa au kutendewa vibaya. Kundi dogo la wanawake 64 lilifuatwa majumbani wiki chache baadaye. Huko waliosema hivyo walikuwa 70 kwa kila 100.

Tofauti hiyo isomwe taratibu. Kundi la pili lilikuwa dogo, kweli, na mtaalamu wa takwimu ataongeza tahadhari. Lakini kila mwanamke aliyewahi kujifungua anaelewa kilichotokea. Akiwa ndani ya geti, mtoto yuko mikononi mwa watumishi, kadi iko mezani kwao, na kesho kutwa atarudi kwa ajili ya chanjo. Anasema "nashukuru, nimehudumiwa vizuri." Akifika nyumbani, akishaoga na kulala, anasimulia yaliyompata. Sasa fikirieni sanduku la maoni: liko ukutani kwenye korido, mbele ya dirisha la dawa, ufunguo anao mganga mfawidhi, na karatasi ya kuandikia mgonjwa ajitafutie. Kwa utaratibu huo taarifa ya robo mwaka itaonyesha daima kwamba wateja wameridhika.

Tanga nako hesabu ilielekea huko huko. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na Taasisi ya Afya Ifakara walikuta wanawake 19 kwa kila 100 wakieleza kudhalilishwa walipohojiwa wakati wa kuondoka, na 28 kwa kila 100 walipohojiwa baadaye katika jamii. Kilichofuata Korogwe ndicho ambacho Temeke ingepaswa kukiiga. Katika mradi ulioitwa Staha, wanajamii na watumishi walikaa pamoja wakaandika mkataba wa huduma: mgonjwa anastahili nini, mtumishi anastahili nini. Kisha hospitali ikachukua hatua ndogo ndogo zilizotokana na mazungumzo hayo. Mapokezi ya wazazi yakawekwa pa faragha. Mapazia yakatumika. Dawa na vifaa vilivyoisha vikatangazwa kila siku, ili mgonjwa asidhani vimefichwa. Wazazi wakaulizwa maoni yao wakati wa kutoka, na watumishi walio zamu wakawekewa chai. Tathmini iliyochapishwa 2017 ilionyesha kwamba uwezekano wa mwanamke kudhalilishwa ulipungua kwa asilimia 66 ukilinganisha na hospitali isiyokuwa na mradi.

Chai, pazia na ubao wa kutangazia dawa zilizoisha! Hakuna hata kimoja kinachohitaji zabuni ya kimataifa. Kilichohitajika ni pande mbili kusikilizana kwa wakati mmoja, na menejimenti kukubali kwamba neno "staha" linamhusu mgonjwa na mtumishi kwa pamoja. Mkataba ule ungeandikwa kwa ajili ya wagonjwa peke yao, watumishi wangeuona kama fimbo nyingine ya kuchapiwa, nao ungebaki ukutani.

Arusha inaongeza jambo la pili. Leonard na Melkiory Masatu waliketi ndani ya vyumba vya matabibu wakiangalia kazi. Mwangalizi alipoingia, ubora wa uchunguzi ulipanda papo hapo. Baada ya wagonjwa 10 hadi 15 ulishuka hadi pale ulipokuwa. Maana yake, ujuzi ulikuwepo muda wote. Baadaye waliwafuatilia matabibu 96 kwa wiki kumi, wakiwapima, wakiwatia moyo na kuwakumbusha wanachotarajiwa kufanya, bila semina, bila vifaa wala posho ya ziada. Miezi 18 baada ya mradi kwisha, waliopimwa tena walikuwa bado juu ya pale walipoanzia. Watu wanaoona kazi yao inatazamwa na mwenzao anayeielewa, kwa heshima, huifanya vizuri zaidi na huendelea hivyo.

Linganisheni hilo na ukaguzi tuliouzoea. Gari la halmashauri linaingia, daftari linafunguliwa, sahihi zinakaguliwa, chakula kinaliwa, gari linaondoka. Au hali mbaya zaidi: kiongozi anakuja na kamera, anasikiliza mgonjwa mmoja mwenye uchungu wa haki kabisa, na papo hapo anamsimamisha mtumishi kazi mbele ya umati. Umati unashangilia. Video inazunguka kwenye simu kabla ya adhuhuri. Kesho yake watumishi waliobaki wanajifunza jambo moja tu, kujikinga: andika rufaa haraka, usiguse kesi ngumu, usikubali zamu ya peke yako, na ukimwona mtu ameshika simu nyamaza. Aliyepoteza ni mgonjwa wa usiku unaofuata. Mtumishi aliyekosa ana mamlaka yake ya nidhamu, ana baraza lake la taaluma, na mgonjwa ana haki ya kuona kesi inafika mwisho. Njia hiyo ni ndefu kidogo na haina makofi, lakini ndiyo inayorekebisha.

Serikali imewahi kujipima kwa uwazi, na ilifanya vyema. Mwaka 2015/16 vituo vya msingi zaidi ya 6,000 nchini vilipewa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja. Vilivyofika nyota tatu, ambayo ndiyo iliyokuwa shabaha, vilikuwa kama viwili kwa kila 100. Upimaji wa 2017/18 ulionyesha hali imepanda waziwazi. Kujitazama kwa namna ile kulihitaji ujasiri, na viongozi wa wakati ule wanastahili sifa. Kinachobaki ni swali la mkazi wa kawaida: zahanati yangu ina nyota ngapi leo, na ile iliyokosekana ilikosekana kwa sababu gani? Jibu linapaswa kubandikwa mlangoni, kwa maandishi makubwa, karibu na ratiba ya kliniki.

Kwingineko duniani jambo hili halionekani geni. Uingereza, tangu 2003, huwahoji watumishi wa huduma yake ya taifa ya afya kila mwaka kuhusu kazi yao na kuchapisha matokeo ya kila taasisi, na watafiti kama Michael West na Jeremy Dawson wameonyesha kwamba mahali watumishi wanapotendewa vizuri, wagonjwa nao huripoti huduma nzuri zaidi. Nchi ile ina fedha ambazo sisi hatuna. Karatasi yenye maswali kumi, hata hivyo, Temeke inaweza kuichapa.

Na fedha za kuanzia zipo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya vinapokea fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya moja kwa moja kwenye akaunti zao za benki, na Kamati ya Usimamizi ya kila kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, ina sauti katika mpango na matumizi. Huu ni mojawapo ya maamuzi bora ya miaka ya karibuni, na wakazi wengi wa Chamazi hawajui kwamba kuna mwenzao anayewawakilisha kwenye kamati hiyo. Pengine wanakutana naye sokoni kila siku. Ajulikane. Picha yake na jina lake, kwa ridhaa yake, vibandikwe kituoni, na aripoti kwenye mkutano wa mtaa kama mwenyekiti wa mtaa anavyoripoti mapato na matumizi.

Maoni ya wagonjwa yachukuliwe nje ya uzio wa kituo: nyumbani, sokoni, kwenye vikundi vya vikoba. Nani ayachukue? Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kufikia wahudumu 137,294, na wengi watapendekeza wapewe wao. Hapana, wasipewe. Wahudumu hao wanafanya kazi na kituo, wanaripoti kituoni, na kuwataka wakusanye malalamiko dhidi ya wanaowasimamia ni kuwaweka pabaya bila sababu. Wapewe wanafunzi wa vyuo vya maendeleo ya jamii walio kwenye mafunzo ya vitendo, au vikundi vya wanawake vya mtaa mwingine. Waulize maswali machache yanayojibika: ulikaa muda gani, ulielezwa unaumwa nini, dawa ngapi ulipewa na ngapi ulinunua, nani alikutendea vizuri. Swali la mwisho lisiachwe kamwe. Mtumishi ambaye katika miaka kumi hajawahi kusomewa sifa hata moja hadharani hawezi kuamini kwamba maoni ya wananchi yana heri ndani yake.

Siku hizo hizo, mtu asiye bosi wao akae na watumishi. Awaulize walilala saa ngapi baada ya zamu, walikuwa wangapi usiku, nani aliwahi kupigwa au kutishiwa na ndugu wa mgonjwa, nani alijichoma sindano na akafanya nini baadaye, posho ya saa za ziada ya mwisho ililipwa lini. Mambo haya yana sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamhusu mwajiri wa muuguzi kama inavyomhusu mwenye kiwanda cha Barabara ya Nyerere, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya anayeumia kazini. Manispaa ndiyo mwajiri huku. Itakuwa vizuri ijue ni watumishi wake wangapi wamekamilisha chanjo ya homa ya ini, kabla ya kuwauliza kwa nini hawatabasamu.

Kisha karatasi mbili hizo ziwekwe mezani pamoja, mbele ya kamati. Mara nyingi zitakutana mahali pale pale. Wagonjwa watasema Jumatatu wanakaa hadi mchana. Watumishi watasema Jumatatu kliniki ya wajawazito, ya watoto na wagonjwa wa kawaida vyote vimerundikwa siku moja na mtu wa kuandika ni mmoja. Wagonjwa watasema usiku hawafunguliwi mlango. Watumishi watasema taa ya nje imekufa tangu masika na mlinzi hakuna. Taa haisubiri Dodoma. Ratiba ya kliniki haisubiri Bunge. Chumba cha kupumzikia chenye kitanda, jiko la umeme na choo chenye komeo kinaweza kuingia kwenye mpango wa kituo wa mwaka huu.

Yapo mengine yanayowazidi nguvu kamati, na haya yapelekwe TAMISEMI bila kuremba: idadi ya watumishi ipangwe kwa kufuata wakazi waliopo sasa, maana ramani ya zamani haiijui Chamazi ya leo, na pasiwe na zamu ya usiku ya mtu mmoja mahali panapozalisha. Hili la pili liwe sharti. Kituo kisichoweza kuweka wawili usiku kitangaze wazi, na gari la dharura lisogezwe karibu nacho.

Kuna sababu ya kufanya haraka. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Utekelezaji wake ukishika kasi, watu ambao leo wanajitibu kwa panado za dukani watakuwa na kadi mkononi, na watakuja, kama walivyoahidiwa. Watakuja kwanza kwenye zahanati. Atakayewapokea ni muuguzi yule yule wa zamu ya usiku, kwenye benchi lile lile. Akiwa amechoka na amekata tamaa, mwananchi ataona amelipia kadi ya kununulia foleni, na mwaka wa pili hatalipa tena.

Mpango wa mwaka ujao wa fedha utaanza kutumika Julai 1. Wakazi wa Chamazi wanaomba kabla ya hapo kila kamati ya kituo katika kata hii iitishe kikao kimoja cha wazi, Jumamosi alasiri ili wafanyabiashara na wafanyakazi wa viwandani wafike, na watumishi wasio zamu walipwe muda wao wa kuhudhuria. Mganga Mkuu wa Manispaa aje mwenyewe. Aje na orodha ya watumishi waliopo na wanaohitajika kwa kila kituo, kiasi kilichoingia kwenye kila akaunti mwaka huu, na nyota za upimaji wa mwisho. Wananchi nao watakuja na yao.